Mpare Aliyeacha Utani

Jumapili ile Mzee Swai alimtukana Tito kama kawaida yake, na Tito akamwamkia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wateja walikuwa wamesimama na mifuko yao wakisubiri jibu. Wengine walitoka Lanham, wengine Rockville kabisa, wakapita maduka yote yenye mboga njiani na kuja mpaka kwenye shamba hili nje ya Upper Marlboro, Maryland, kwa mambo mawili tu: mnafu wa Mzee Swai na ulimi wa Tito. Mzee alikuwa ameshafungua kikao. Alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba Mpare huyu amependa kulima hapa kwa sababu mahakama ya kaunti iko jirani. Akigombana na kuku asubuhi, chai haijapoa kuku kashafikishwa kwa jaji. Watu wakacheka, wakageukia upande wa Tito. Tito akatua kreti la mchicha, akafuta mikono kwenye suruali, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Basi. Hakuongeza neno. Akabeba kreti jingine akaenda zake, na Mzee Swai akabaki amekodoa macho.

Wachaga na Wapare ni watani tangu enzi za mababu wa mababu, na utani wao si wa mchezo. Mtani anakwambia lolote, mbele ya yeyote, hata msibani, na wewe ukikasirika ndiye mwenye kosa. Akikutukana, anakupenda. Ukimwona amekunyamazia, anza kujiuliza umemfanyia nini. Mama mmoja wa Kikenya, Wamaitha, mteja wa kila Jumapili, hakuyajua hayo siku ya kwanza alipofika. Alimsikia Tito akimwambia Mzee Swai kwamba Mchaga hata akizirai haitwi daktari, inaangushwa sarafu sakafuni. Wamaitha akatoa simu. "Ai, huyu kijana anamtusi mzee hivi na mnaangalia tu? Si mniambie kama ni vita, nipige 911!" Ilibidi Mzee Swai mwenyewe amtulize, huku machozi ya kicheko yanamtiririka. Siku hizi Wamaitha huwahi kufika ili apate mahali pazuri pa kusimama.

Na Mzee Swai alikuwa na haki ya kuupenda utani ule. Ameishi Maryland zaidi ya nusu ya umri wake. Amefanya kazi na watu wengi wazuri wanaokuuliza habari yako na kupita kabla hujajibu. Heshima ameipata ya kutosha. Alichokikosa ni mtu wa kumwambia uso kwa uso kwamba ana masikio kama majani ya maboga. Mtu huyo alimpata Tito alipokuja kuomba kazi ya kiangazi, akitokea kwa shangazi yake huko Lanham. Siku hiyo walitukanana mpaka jioni, na Mzee alirudi nyumbani akiimba.

Sasa Tito kanyamaza. Aliyeumia kuliko Mzee, ingawa hakuna aliyejua, ni Godlisten.

Godlisten, yaani Godi, ndiye mtoto pekee wa Mzee Swai. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anasoma chuo cha kaunti, na kiangazi anashinda shambani. Mama yake alimleta Marekani akiwa mgongoni, baba akiwa ameshatangulia. Kiswahili anakisikia chote, mpaka minong'ono, ila mdomo wake huanza kwa Kiswahili ukamalizia kwa Kiingereza, au kinyume chake. Tito, aliyemzidi mwaka mmoja, alikulia Same na kuja akiwa kijana mkubwa, kwa hiyo maneno alikuwa nayo ya kumwaga.

Mwezi wa saba mvua iliwafukuza wote wawili kwenye mchicha, wakakimbilia banda la zamani la kukaushia tumbaku. Mle ndani, wakiwa wamelowa na kucheka, walibusiana. Nani alianza? Kila mmoja ana habari yake. Kisha Tito akasema, "Mchaga wewe, usije ukadai risiti," wakacheka tena, mvua ikakatika, wakarudi kuvuna.

Ndipo Godi alipoanza kusumbuka. Kwa mtu mwingine yeyote angejua maana ya busu lile. Lakini huyu ni mtani! Huyu alikuwa akimwita "mke wangu" mbele ya mama yake mzazi tangu siku ya kwanza, na mama akicheka na kuuliza mahari itakuwa ng'ombe wangapi. Huyu aliwahi kupiga goti kwenye matope, mbele ya wateja, kumposa Godi kwa kitunguu. Mtu aliyekwambia yote kwa mzaha akija siku ya kweli atatumia maneno gani? Godi aliwahi kwenda Washington na wanafunzi wenzake, akaona vijana wawili wameshikana mikono barabarani mchana kweupe na hakuna aliyegeuka. Lakini Washington ni Washington na shamba ni shamba. Huku kila mtu anaijua pikapu ya kila mtu, na wateja wa Jumapili ndio hao hao wa kanisani. Hakutaka kujiweka hadharani kwa ajili ya mzaha.

Kwa hiyo alimuuliza. Walikuwa wakifunga mafungu ya mnafu, wawili tu. "Ile ya bandani. Ulikuwa unanitania? Be honest."

Tito hakucheka. Alilifunga fungu lake, akaliweka chini, akasema, "Subiri Jumapili."

Na Jumapili ikaja na ile shikamoo.

Godi aliitafuta maana yake kama mtu anayetafuta funguo alizozishika mkononi. Kwanza alidhani Tito anaumwa, lakini alikuwa akila vizuri. Kisha alidhani ameokoka upya na kuacha maneno ya kidunia. Hilo nalo likafa Jumapili iliyofuata, alipokuja Mchaga mmoja wa Rockville, na Tito akamchamba mpaka mke wake akashika mbavu. Kumbe ulimi upo! Utani kwa Wachaga wengine unaendelea. Ni Mzee Swai peke yake ananyimwa.

Akazidi kuchunguza. Aliona kwamba Tito akikutana na Mzee kwenye njia nyembamba kati ya matuta, anatoka njiani na kusimama kwenye matope mpaka Mzee apite. Aliona kwamba mchana, mama akipakua machalari ya ndizi na nyama, Tito anaipokea sahani kwa mikono miwili na kwenda kula nyuma ya pikapu, yeye aliyezoea kuketi karibu na Mzee na kumwibia nyama. Jikoni haingii tena. Jina la "Mangi," yaani chifu, alilomwita Mzee tangu walipojuana, limekufa. Sasa ni "mzee" tu, tena kwa sauti ndogo. Na kwa Godi mwenyewe? Kwa Godi alikuwa mpole ajabu. Alimletea maji juani. Alimwangalia, Godi akigeuka, hakukwepesha macho. Hilo ndilo lililomchanganya kabisa. Mtu anakupenda na kuwasusia wazazi wako?

Alimbana tena. "Tito, what's going on? Dad anadhani unamchukia."

"Simchukii hata kidogo."

"Basi nini?"

"Kama huoni," Tito akasema, akitabasamu kwa huzuni kidogo, "hukulelewa vizuri. Lakini baba yako ataona. Ni mtu mzima."

Baba mtu hakuona. Aliona tusi. Kila Jumapili alitupa chambo, cha mahakama, cha makande, cha ubahili, na kila Jumapili akapewa shikamoo. Wateja wakaanza kuangaliana. Hatimaye, mezani, Mzee Swai akaweka kijiko chini. "Kijana akiniona sifai hata kutukanwa, afanye nini kwenye shamba langu? Jumapili hii inayokuja atanijibu kama mtani. Akininyamazia tena, afungashe. Sitaki mgeni mwenye adabu humu."

Mama akasema, "Jamani, mtoto wa watu." Mzee akasema amemaliza.

Godi akaisukuma sahani yake. Tito akiondoka shambani hatarudi. Kuna mjomba wake Texas anamwita kila wiki kwenye kazi ya malori. Na yeye Godi atabaki na swali lake, hajui hata kama aliachwa au hakupendwa kamwe.

Jumatano akapeleka mboga Lanham, kwa shangazi yake Tito, Elieth. Elieth anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa ametoka zamu, miguu ameichovya kwenye beseni la maji ya moto. Ni mwanamke Msabato, mcha Mungu, na ulimi wake unaogopwa na Wachaga wa kaunti nzima. Akijua kuna Mchaga kwenye sherehe, hujiandaa tangu asubuhi.

"Shangazi, naomba kuuliza kitu kuhusu utani."

"Uliza, mtoto wa wezi."

"Ni wakati gani Mpare anaacha kumtania Mchaga?"

"Akifa Mchaga," Elieth akasema. "Na hapo napo tunakuja matangani, tunavaa nguo zake na kuigiza alivyokuwa anatembea."

"No, seriously, shangazi. Wakiwa hai wote."

Elieth akatikisa maji kwa vidole vya miguu, akafikiri. "Iko mara moja tu. Mpare akitia nia kwenye nyumba ya Mchaga. Akitaka mke pale. Tangu siku hiyo baba mwenye nyumba si mtani wake tena, ni mkwe, na mkwe hataniwi, mwanangu. Unampisha njia. Huli mbele yake. Humwiti jina la mchezo. Binamu yangu alioa Marangu, na yule mkwewe walikuwa wametukanana tangu ujana, marafiki wa kufa na kuzikana. Alipotia nia tu, mzaha ukaisha. Mpaka anamzika hakumtupia hata neno moja. Inauma, lakini ndiyo heshima yenyewe." Akacheka. "Kwani ni nani huyo aliyenyamaza?"

"Tito."

"Tito wangu? Anamnyamazia nani?"

"Baba."

"Basi kashapenda kwenu! Mshenzi huyu, na haniambii! Anamtaka nani? Kwani ninyi mna..." Akakoma. Alimwangalia Godi. "Wewe huna dada."

"Sina."

Maji kwenye beseni yakatulia. Elieth alimwangalia kijana yule aliyesimama mlangoni na kreti tupu, masikio yamemwiva. Godi alitamani ardhi ipasuke, na papo hapo alitamani kupiga kelele kwa furaha, na hakujua aanze na lipi.

"Nenda nyumbani, Godi," Elieth akasema taratibu.

Alipofika kwenye gari alisikia anaitwa. Elieth alikuwa amesimama kizingitini, miguu inachuruzika maji, khanga ameishika kifuani. "Siku hizi Tito anakula wapi hapo kwenu?"

"Nyuma ya pikapu, shangazi."

Elieth akaufunika mdomo kwa pindo la khanga na kurudi ndani. Godi hakujua kama amecheka au amelia.

Kwenye barabara kuu ya Beltway aliendesha polepole mpaka malori yakampigia honi. Alikuwa ameposwa, na yeye mwenyewe hakuwa na habari! Ameposwa kwa adabu zote, mbele ya baba yake, mbele ya Wamaitha na kanisa zima, kila Jumapili, na mwenye kuposa akavumilia kuitwa mwenye kiburi. Tito hakutafuta maneno ya kweli, maana maneno yote alishayatumia kwenye mzaha. Akatumia kimya. Godi alipaki kando ya barabara karibu na uzio wa farasi wa jirani, akalia, akacheka, akajiona mjinga na mwenye bahati kuliko wote.

Jumapili alimfuata Tito kwenye mnafu kabla wateja hawajafika.

"Nimejua."

Tito akasimama na kisu mkononi. "Nani kakwambia?"

"Shangazi Elieth."

"Ulikwenda kwa shangazi! Mchaga wewe, hata mambo ya moyo unatafuta dalali?" Alikuwa anatabasamu. "Akasemaje?"

"Hakusema. Tito, listen. Dad amesema leo usipomjibu unaondoka. Mtukane. Moja tu. Mwambie chochote, masikio yake, sijali. Then tutapanga sisi wenyewe taratibu, hakuna anayejua."

Tito akakata shina moja, akaliangalia. "Nikimtania baba yako leo, nimekukana."

Godi akatazama barabarani. Aliuona upole wa yule mtu na ubishi wake vimekaa pamoja, akaelewa kwamba hivyo viwili hutavitenganisha. Aliogopa sana. Akamshika mkono mara moja, kwa haraka, pale kwenye matuta, wakaenda kupanga meza.

Wateja walijaa mapema, maana habari za Mzee Swai kumtishia Mpare zilikuwa zimeenea. Wamaitha alikuwa mbele. Elieth naye alikuja, jambo lisilo la kawaida, akasimama pembeni na kikapu kitupu, hamsalimii mtu. Mzee Swai akatokea, amevaa kofia yake ya majani, amejiandaa kama vile ni yeye aendaye kuposa. Sauti yake ilikuwa ya mzaha lakini macho yalikuwa yanaomba.

"Mpare! Nasikia kwenu mlima umekonda kwa sababu mmeyafungulia mashtaka mawe yake. Ni kweli au uongo? Jibu, mtani wangu."

Tito akainamisha kichwa.

"Nijibu, Tito." Mzaha ulikuwa umeisha. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mzee. Shikamoo."

"Basi chukua vitu vyako..."

"Dad, mwache." Godi alikuwa ameshafika, amesimama bega kwa bega na Tito. "Hawezi kukutania tena. Haruhusiwi."

"Haruhusiwi na nani?"

"Na mila. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nani haruhusiwi kumtania Mchaga? Fikiria, Dad. Please."

Mzee Swai akafikiri. Kila aliyekuwa karibu alimwona akifikiri, maana ni mtu ambaye mawazo yake yanapita usoni. Kichwani aliupita msiba, akaipita ngoma, akaupita ugomvi. Akafika mahali, akasimama. Alimtazama Tito, akatazama ile sahani iliyokuwa nyuma ya pikapu tangu jana, akamtazama mwanawe.

"Hapana," akasema. Na kama mtu anayezama akashika alichokiona karibu, akamgeukia Elieth, ulimi mkali kuliko wote. "Elieth! Wewe si Mpare? Nijibu wewe basi! Mwambie huyu mwenzako kwamba ninyi ni wabahili hata wa matusi! Nitukane, dada yangu. Nitukane!"

Watu wakamgeukia Elieth wakisubiri radi. Elieth aliweka kikapu chini. Alimwangalia Tito, mtoto wa kaka yake anayeishi kwake. Alimwangalia Godi, aliyekuwa bado amesimama ubavuni mwa Tito. Midomo ilimchezacheza. Lazima alikuwa na maneno, hajawahi kuyakosa. Kisha akajifunga khanga vizuri kiunoni, akasogea mpaka mbele ya Mzee Swai, akakunja goti kidogo, macho chini.

"Shikamoo, mkwe wangu."

Wamaitha alifungua mdomo kuuliza kuna nini, na mama Godi, aliyekuwa ametoka jikoni, akamshika mkono kwa nguvu. Mama alikuwa analia, lakini hakuondoka.

Mzee Swai akakalia kreti. "Godi. Ni kweli?"

"Kweli, baba. Si utani."

Upepo ulipita kwenye mchicha. Mzee alivua kofia, akaizungusha mikononi, akaonekana mzee zaidi ya alivyokuwa asubuhi. Godi alimwona akitafuta hasira na kuipata, akatafuta aibu na kuipata nayo, na bado akawa anatafuta. Hatimaye alimwinulia macho Elieth aliyekuwa bado ameinama, na malezi yake mema yakamshinda.

"Marahaba," akasema.

Akairudisha kofia kichwani. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Godi hakuwahi kuisikia, "Sasa mimi nitataniana na nani?"

Hakuna aliyecheka. Tito alikuwa na jibu; ulimi ulishaliinua mpaka kwenye meno, na jibu lenyewe lilikuwa zuri. Mzee Swai alilisubiri kwa mazoea, akamwona kijana akiuma mdomo, akilimeza, na kuinamisha macho.